Siku Roma Ilipopigwa Mnada

Tarehe 28 Machi mwaka 193, watu wawili wazito wa mji wa Roma walikuwa wakipandishiana bei. Mmoja alikuwa ndani ya kambi ya askari, mwingine nje, chini ya ukuta. Kilichouzwa hakikuwa shamba, wala nyumba, wala shehena ya ngano kutoka Misri. Kilikuwa kiti cha Kaisari, pamoja na nchi zote zilizokuwa chini yake: kutoka Uingereza hadi mto Frati, kutoka mto Danube hadi ukingo wa jangwa la Sahara. Wauzaji walikuwa walinzi wa Kaisari. Kaisari wa awali walikuwa wamemuua wenyewe siku hiyo hiyo, na mwili wake ulikuwa bado haujazikwa.

Anayetusimulia habari hizi ni Cassius Dio, seneta aliyezaliwa Nicaea, mji ulioko Uturuki ya leo, na siku hiyo alikuwamo Roma. Alikuwa na sababu mbili za kutetemeka. Kaisari aliyeuawa alikuwa amempa cheo. Na mmoja wa wale wawili waliokuwa wakishindana, Dio alikuwa ameshamuumbua mahakamani. Jioni ilipoingia na habari kuenea, yeye na wenzake waliamua kwenda Seneti, maana kubaki nyumbani kungewatia shakani. Wengine walikuwa wametoka kuoga, wengine wametoka mezani. Wakajipenyeza katikati ya askari wenye silaha hadi ukumbini, na huko wakamkuta mnunuzi akihutubia: ameona wanahitaji mtawala, na hamwoni anayefaa kuliko yeye mwenyewe.

Mnunuzi huyo aliitwa Didius Julianus, tajiri na seneta wa siku nyingi, aliyelelewa katika nyumba ya mama yake Kaisari Marcus Aurelius. Mshindani wake, Sulpicianus, alikuwa mkuu wa mji na baba mkwe wa Kaisari aliyeuawa. Alikuwa ametumwa kambini kuwatuliza askari. Alipofika huko na kuona kiti ki wazi, akaacha kutuliza, akaanza kujinadi. Wajumbe wakawa wanakimbia kati ya lango na uwanja wa kambi: huyu katoa hiki, wewe unaongeza ngapi? Sulpicianus akafika sestersi 20,000 kwa kila askari. Julianus hakutaka tena kuongeza kidogo kidogo. Akaruka hadi 25,000 kwa mkupuo mmoja, akipaza sauti na kuonyesha hesabu kwa vidole ili hata aliye mbali aone. Askari walikuwa wameshaambiwa na kukumbushwa jambo jingine pia, kwamba Sulpicianus akishika madaraka atalipiza damu ya mkwewe. Julianus akaingizwa ndani.

Kwa nini 25,000? Msikilizaji akitaka kuuelewa mnada huu, aanze na mshahara.

Tangu enzi ya Kaisari Domitian, mwishoni mwa karne ya kwanza, askari wa kawaida wa legioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, alikuwa akilipwa dinari 300 kwa mwaka. Dinari moja ni sestersi nne, na neno lenyewe si geni kwa Waswahili: limesafiri kutoka Kilatini, likapita kwa Wagiriki na Waarabu, hadi likatufikia. Dinari 300 ni sestersi 1,200. Kwa hiyo kile alichokitaja Julianus kwa vidole vyake kilikuwa mshahara wa zaidi ya miaka 20 ya mtu aliyekuwa akilinda mpaka wa Danube kwenye theluji. Naye Kaisari Augustus, alipopanga kiinua mgongo cha askari wa legioni mwaka wa 5, aliweka sestersi 12,000. Mtu alitumikia nusu ya uhai wake ndipo akazipata. Walinzi wa Roma waliahidiwa maradufu ya hizo kwa kazi ya mchana mmoja, na kazi yenyewe ilikuwa ya kumkata mzee kichwa.

Mshahara nao haukufika mkononi wote. Kwenye ngome ya Masada, juu ya Bahari ya Chumvi, imepatikana karatasi ya mafunjo ya karne ya kwanza yenye hesabu za askari aitwaye Gaius Messius, mwenyeji wa Beirut. Ni hati ya mshahara, yenye makato kama ya mfanyakazi yeyote. Amepokea dinari 50. Shayiri, 16. Chakula, 20. Viatu, 5. Mikanda ya ngozi, 2. Kanzu ya kitani, 7. Msikilizaji ajumlishe mwenyewe: ni 50 kamili. Messius alisimama mbele ya karani wa malipo, akahesabiwa fedha zake, akaondoka mikono mitupu.

Kaskazini kabisa mwa dola, kwenye ngome ya Vindolanda huko Uingereza, watafiti wamekuwa wakichimbua vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino tangu mwaka 1973. Kimojawapo ni taarifa ya kikosi cha Watungri, watu waliotoka upande wa Ubelgiji ya leo. Jumla ya askari ni 752. Waliopo ngomeni hawafiki 300. Wengine wote wako nje, huyu kwa gavana, yule kufuata kazi mji mwingine. Kati ya waliobaki, 15 ni wagonjwa, 6 wana majeraha, 10 wanaumwa macho. Katika barua nyingine mtu anaarifiwa kwamba ametumiwa soksi, viatu jozi mbili na nguo za ndani mbili, na maneno hayo machache yanaonyesha baridi ya huko vizuri kuliko maelezo marefu. Dola ya Warumi ilisimama mabegani mwa watu wa namna hii: waumwa macho, wapokeaji wa soksi, wadaiwa wa viatu vyao wenyewe.

Walinzi wa Kaisari walikuwa kundi jingine kabisa. Augustus ndiye aliyewaunda, vikosi tisa, na tangu mwanzo mshahara wao ulikuwa angalau maradufu ya ule wa askari wa legioni, na miaka yao ya utumishi ilikuwa michache. Kwanza walitawanywa mjini na katika miji ya jirani. Mwaka wa 23, mkuu wao Sejanus akawakusanya wote kwenye kambi moja kaskazini-mashariki ya Roma, nyuma ya ukuta wa matofali ambao sehemu zake zinaonekana mpaka leo. Tangu siku ile, aliyetaka Roma alijua mlango wa kubisha.

Na walibisha. Januari mwaka 41 Kaisari Caligula alipouawa, mlinzi mmoja alimkuta ami yake, Claudius, amejificha nyuma ya pazia ndani ya jumba la kifalme, akitetemeka, akidhani anakuja kuchinjwa. Wakambeba hadi kambini, wakamtangaza Kaisari. Claudius akawapa ahadi ya sestersi 15,000 kila mmoja, kisha akatoa sarafu zenye sura ya kambi yao, na maneno ya kukumbuka kwamba walimpokea. Karibu miaka 28 baadaye Kaisari Galba alitangaza kwamba yeye huandikisha askari, hawanunui. Kauli nzuri mno. Tarehe 15 Januari mwaka 69 walinzi walimuua sokoni mchana kweupe, na mwaka huo Roma ikapata makaisari wanne. Mzee Galba alisema kweli, lakini aliisema wakati deni limeshakuwa kubwa, na yeye peke yake ndiye aliyelilipa.

Kaisari aliyeuawa mwaka 193 alifanana naye. Aliitwa Pertinax, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Alianza maisha kwa kufundisha sarufi. Ualimu ulipomlipa kidogo akaingia jeshini, na humo akapanda ngazi baada ya ngazi mpaka akawa gavana na seneta. Jamii ya Kirumi ilikuwa katili kwa mtumwa, lakini mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru aliweza kufika juu kabisa. Mkesha wa mwaka mpya, Kaisari Commodus, aliyependa kupigana kwenye uwanja wa michezo mbele ya watu wake, alinyongwa na mwanamieleka wake. Pertinax, mwenye umri wa miaka 66, akaamshwa usiku na kupewa dola.

Akafungua hazina. Akakuta sestersi milioni moja.

Yeye alikuwa amewaahidi walinzi 12,000 kwa kila mtu. Milioni moja ingewatosha askari 83 tu. Basi naye akapiga mnada, mnada wa kwanza wa mwaka huo: sanamu za Commodus, farasi wake, silaha na vyombo vyake, kila kitu kikauzwa. Akabana matumizi, akakataza walinzi kupora watu barabarani. Nao wakakumbuka kwamba makaisari Marcus Aurelius na Lucius Verus walitoa 20,000 mwaka 161. Siku ya 87 ya utawala wake, kundi la walinzi wapatao 200 likatoka kambini likiwa limefuta panga hadi jumba la kifalme. Angeweza kukimbia, au kufunga milango. Akatoka kuzungumza nao kwa sauti ya mwalimu, na inasemekana baadhi yao waliinamisha macho na kurudisha panga alani. Mmoja hakurudisha. Simulizi za kale zinamtaja kuwa Mtungri, mtu wa kabila lile lile la wale waumwa macho wa Vindolanda. Aliyesimama kumtetea Kaisari alikuwa mtumishi wake wa chumbani, Eclectus, naye akauawa papo hapo.

Watu wa Roma hawakukubali mauzo yale. Julianus alipotoka kesho yake walimwita mwizi wa dola. Wakamiminika kwenye uwanja wa mbio za farasi, wakakesha humo bila kula, wakimlilia Pescennius Niger, jemadari wa Syria, aje kuwaokoa. Kauli ya umma ilikuwepo, na ilisikika. Ilichokosa ni upanga tu.

Wenye panga walikuwa mipakani, tena watatu: Niger huko Syria, Clodius Albinus huko Uingereza, na Septimius Severus kwenye mto Danube, karibu kuliko wote. Tarehe 9 Aprili askari wake wakamtangaza Kaisari, naye akaanza safari ya kwenda Roma. Julianus akaamuru mahandaki yachimbwe. Lakini walinzi walikuwa wamezoea starehe za mjini, wakakodi watu wa kuwachimbia. Wanamaji walioletwa kutoka pwani hawakujua hata kupiga kwata ya nchi kavu. Tembo wa maonyesho wakavalishwa minara mgongoni; wakachukia mzigo huo, wakawaangusha na wapandaji wao. Dio anakiri kwamba yeye na wenzake, pamoja na hofu yote, walishindwa kujizuia kucheka. Tarehe 1 Juni Seneti ikamhukumu Julianus kufa, na askari mmoja akammaliza ndani ya jumba alilolinunua. Alikuwa amelikalia siku 66. Alikufa akiuliza amemkosea nani, amemuua nani, na swali hilo linauma, kwa kuwa kweli aliyemtangulia hakumuua yeye. Alilipa tu waliokwisha kuua.

Severus hakuingia Roma kabla ya kumaliza hesabu na walinzi. Akawaita wakutane naye nje ya mji, bila silaha, wamevaa mavazi ya sherehe. Wakaja. Jeshi la Danube likawazunguka. Akawasomea kosa lao, akaamuru wavuliwe mikanda na majambia yao ya fedha na dhahabu, wanyang'anywe farasi, na wasionekane tena karibu na mji. Wakatawanyika wakiwa na kanzu za ndani tu. Farasi mmoja akakataa kuachana na bwana wake, akawa anamfuata huku akilia. Mwishowe yule askari akamuua farasi, kisha akajiua mwenyewe. Dio, asiyekuwa na huruma kwa walinzi hawa, anaandika kwamba kwa waliotazama, hata yule farasi alionekana kufa kwa furaha.

Mtu huyu Severus alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 145 huko Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya ya leo, mji wa watu wa asili ya Kifoinike waliosema Kipunisi. Yasemekana lafudhi ya kwao haikumtoka ulimini hadi uzeeni, na kwamba dada yake alipokuja Roma, Kilatini chake kilikuwa kibovu hata Kaisari akaona haya, akampa zawadi na kumrudisha nyumbani. Mkewe, Julia Domna, alitoka Emesa, Syria. Severus aliwashinda Niger na Albinus katika vita vikali, akaujaza mji wake wa kuzaliwa majengo ya marumaru ambayo magofu yake bado yanasimama kando ya bahari. Roma ya wakati huo haikumuuliza mtu kabila. Ilimuuliza ana legioni ngapi.

Na Severus alijua nani kamweka. Alipandisha mshahara, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Domitian. Akawaruhusu askari kuishi na wake zao. Kwa miaka 200 sheria ilikuwa imewanyima ndoa, na maelfu ya watoto wa kambini walikuwa wakihesabiwa kuwa hawana baba. Hilo lilikuwa haki yao, tena iliyochelewa. Messius wa Masada angelifurahia. Akaongeza legioni tatu, zikawa 33, na mojawapo akaiweka karibu na Roma. Kambi ya walinzi akaijaza wanajeshi wake wa mipakani.

Fedha zikatoka wapi? Nyingine zilitoka kwa matajiri waliokuwa upande wa Niger na Albinus, waliouawa na kunyang'anywa mali. Nyingine zilitoka ndani ya sarafu yenyewe. Dinari ya Augustus ilikuwa karibu fedha tupu. Ya Severus ilibaki na kiasi cha nusu, iliyobaki shaba. Mwanamke aliyeuza zeituni sokoni alipokea sura ile ile ya Kaisari na uzito karibu ule ule mkononi, lakini fedha ya ndani ilikuwa imeshapungua.

Vijana wa Italia, ambao zamani walikuwa wakiandikishwa kuwa walinzi, sasa walikosa kazi, na Dio anasema wengi waliingia unyang'anyi. Yuko mmoja aliyeitwa Bulla. Kwa miaka miwili, mnamo mwaka 206 na 207, aliitikisa Italia akiwa na watu 600, na kati yao walikuwamo watumishi wa Kaisari ambao walilipwa kidogo au hawakulipwa kabisa. Mafundi akiwakamata, aliwatumia kwa muda, akawalipa, akawaachia. Siku moja alimnasa akida aliyetumwa kumsaka. Akapanda kwenye kiti cha hakimu, akamnyoa sehemu ya kichwa, akamrudisha na ujumbe kwa mabwana: walisheni watumwa wenu ili wasigeuke majambazi. Alipokamatwa hatimaye, kwa kusalitiwa na hawara wake, aliulizwa na Papinianus, mwanasheria mkubwa na mkuu wa walinzi, kwa nini amekuwa mwizi. Naye akamuuliza Papinianus kwa nini amekuwa mkuu. Akatupiwa wanyama wakali. Katika watu wote wa miaka ile, pengine ndiye pekee aliyeuliza waziwazi kwa nini mshahara unafika mkono huu na haufiki ule.

Severus alikufa Februari mwaka 211 huko Eboracum, mji unaoitwa leo York. Wosia wake kwa wanawe, Caracalla na Geta, ulikuwa na mambo matatu: wapatane, wawatajirishe askari, wengine wote wasiwajali. La kwanza halikumaliza mwaka. Desemba, Geta aliuawa akiwa amemkumbatia mama yake, na damu ikammwagikia Julia Domna. Caracalla hakukimbilia Seneti wala hekaluni. Alikimbilia kambi ile ile ya walinzi, usiku, akawaambia ameponea chupuchupu, na kwamba yeye ni mmoja wao, na fedha zipo. Mwaka uliofuata Papinianus naye aliuawa na askari. Jumba la makumbusho la Berlin lina mchoro wa rangi wa familia ile, uliopatikana Misri: baba mwenye ndevu za mvi, mama na lulu zake, watoto wawili mbele yao. Uso wa mtoto mmoja umefutwa ukabaki duara tupu.

La pili katika wosia, Caracalla alilitimiza mpaka likapitiliza. Alipandisha mshahara wa askari tena. Kulikuwa na kodi ya urithi ya asilimia 5, aliyoiweka Augustus mwaka wa 6 kwa ajili ya viinua mgongo vya askari, na waliotozwa ni raia wa Roma tu. Caracalla akaifanya asilimia 10. Kisha mwaka 212 akatangaza kwamba karibu kila mtu huru ndani ya dola, awe Mhispania, Msyria au mkulima wa Misri, ni raia wa Roma. Wapo wanaolisifu tangazo hilo kama zawadi kubwa kuliko zote ambazo Kaisari yeyote aliwapa watu wake. Dio, aliyekuwa seneta wakati huo, anasema shabaha ilikuwa kodi. Kwa kuangalia mwaka 193 ulivyokwenda, ni vigumu kumbishia, ingawa aliyepata uraia aliupata kweli na watoto wake wakaurithi.

Tarehe 8 Aprili mwaka 217, njiani karibu na mji wa Carrhae, Caracalla aliteremka kwenye farasi kwenda haja. Askari aitwaye Martialis akamkaribia kana kwamba ana neno la kumwambia, akamchoma kisu.

Raia wapya walikuwa wameshaingia daftarini. Kwa desturi ya Kirumi, aliyepewa uraia alichukua jina la aliyempa, na jina rasmi la Caracalla lilikuwa Marcus Aurelius Antoninus. Ndiyo maana, katika karatasi za mafunjo zilizofukuliwa kwenye mchanga wa Misri, kuanzia miaka ile majina yanabadilika karibu kwa mkupuo. Wakulima, wafumaji na wapakiaji wa mashua wanajiandika kina Aurelius, kwenye mikataba ya punda, kwenye hati za shamba, na kwenye stakabadhi za kodi.